Nakutakia Utekelezaji Mwema

Alipofika mstari wa mwisho, sauti ilimwishia Severa kama uzi unaokatikia kwenye cherehani katikati ya mshono. Midomo iliendelea kidogo, lakini neno halikutoka.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Mzee Suud. "Soma."

Alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, nyuma ya kaunta, kati ya chupa za vifungo na zipu zilizoning'inia kwenye misumari. Macho yake, yaliyoingiwa na ukungu wa mtoto wa jicho, aliyaelekeza kwenye kompyuta asiyoweza kuisoma. Duka lile la vifaa vya ushonaji, kwenye mtaa wa nyuma pale Mchafukoge, alilirithi kwa baba yake. Severa alikuwa karani wake kwa mwaka wa pili sasa: kumwandikia barua, kumsomea majibu, na wateja wakizidi, kuuza naye.

Severa akausoma mstari. "'Nakutakia utekelezaji mwema. Wako, Zeina.'"

"Utekelezaji wa nini?"

"Hakusema, mzee."

"Baada ya hapo?"

"Hakuna kitu."

"Teremsha chini. Salamu za watu huwa chini."

Severa aliteremsha. Ukurasa ulikuwa mweupe mpaka ulipokomea. Aliupandisha, akauteremsha tena, si kwa kutafuta, bali kwa kuupa uso wake muda wa kupoa. Barua yote ilikuwa mistari mitatu: barua yako nimeipata, nimeielewa, sisi wazima. Dada wa Mzee Suud, aliyezoea kuandika kutoka Maskati barua ndefu zenye habari za joto, ndoa za watu na bei ya samaki, alikuwa ameandika kama anayejibu barua ya kukatiwa maji.

Na yale maneno ya mwisho Severa aliyafahamu kama anavyokifahamu kilio cha mwanawe kati ya vilio vya watoto kumi. Yalikuwa yake.

*

Darasa la jioni la uhazili lilikuwa Ilala, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya mageti. Severa alijiunga mwanawe Stella alipoacha kunyonya. Mwalimu Isidori, mwanamume nadhifu aliyetembea na kitambaa cha kufutia ubao mfukoni, alikuwa na wiki nzima ya vimalizio. Barua ya ofisini, alisema, isiondoke mlangoni ikigeuka nyuma kuaga kila mtu. Iseme kilichoileta, ifunge, iende. Akawaandikia ubaoni: *Naomba kuwasilisha. Nakutakia utekelezaji mwema. Wako mtiifu.* Severa aliyanakili kwa wino wa bluu na kuyapigia mstari kwa rula. Kwao Masasi hakuwahi kuona barua ikifungwa hivyo. Yalimpendeza kama anavyopendezwa mtu na kiatu chenye kisigino, hata kabla hajajua kukitembelea.

Kisha mwalimu akawapa kazi: kila mmoja alete barua moja ya kweli aliyoiandika kazini.

Kesho yake Mzee Suud akamwambia maneno ya kumwandikia Zeina. Barua zake zilikuwa na desturi yake. Habari zilichukua nusu ukurasa. Nusu ya pili ilikuwa salamu. Nisalimie Huda, nisalimie Tasneem na Samir, watoto wako. Nisalimie Khalil na mama yake. Nisalimie yule jirani wa ghorofa ya chini aliyekuletea mkate wa ufuta mwaka ule ulipougua. Jina juu ya jina, polepole, kila mmoja na kijisababu chake. Siku hiyo yalifika kumi na saba. Severa aliyaandika yote. Mzee alipokwenda msikitini kusali alasiri, akamwachia kazi ya kutuma.

Akaitazama barua. Akamfikiria Mwalimu Isidori akiipokea, akiteremsha macho yake kwenye ule msururu, akitabasamu kwa pembe moja ya mdomo kama alivyowatabasamia wengine. Akayaziba majina yote kwa rangi ile ya kuchagulia, akabonyeza kufuta, akaweka mstari mmoja mahali pao. Barua ikawa safi. Akaituma Maskati, akachapa nakala, akaitia kwenye mkoba.

Wala hakuona kwamba amefanya ubaya. Ndilo lililomchoma sasa zaidi ya yote: siku ile alitembea mpaka Ilala akiwa na furaha.

*

"Basi ameikataa," alisema Mzee Suud.

"Ameikataa nini, mzee?"

Mzee alichukua kifungo kimoja kilichoanguka kwenye kaunta, akakizungusha kati ya vidole. Alikuwa mtu wa maneno ya biashara. Ya nyumbani kwake hayakuwa yakitoka ovyo. Lakini siku hiyo yalitoka, kwa sauti ya chini, akiyaelekeza kwenye kile kifungo.

"Mumewe alikuwa mfanyakazi wetu hapa. Akibeba majora kutoka kwenye gari mpaka stoo. Kijana wa adabu, sina la kusema. Zeina akamtaka. Baba alikuwa ameshafariki, mimi ndiye niliyepaswa kumwoza. Nikakataa. Nikasema simpi dada yangu mchukuzi. Ami yetu wa Unguja ndiye aliyemwoza, na mimi siku hiyo nilifungua duka kama kawaida. Miaka ishirini na miwili. Mama kabla hajafa alituapisha tuandikiane, tukawa tunaandikiana. Watoto wao nawasalimu. Majirani zao nawasalimu. Baba wa watoto, simtaji. Zeina hajawahi kuniuliza, lakini najua huangalia. Kila barua huangalia."

"Na hii ya majuzi?" Severa aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo tayari.

"Si uliandika mwenyewe? Nilimtaja. La mwisho kabisa. *Na Awadhi, mumeo, nisalimie.*" Akakirudisha kifungo kwenye chupa yake, bila kukosea chupa. "Nikamwekea jina lile, naye kanijibu kiserikali. Haki yake. Angejibu vipi mtu aliyechelewa namna hii?"

"Labda umpigie simu, mzee."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwenye barua nimeshindwa." Akainuka akatafuta fimbo yake. "Kesho ukija asubuhi, anwani yake uitoe humo kwenye mashine. Isiwemo. Sitaki siku nyingine moyo unidanganye niandike."

Severa alisema, "Sawa, mzee." Hilo ndilo alilolisema.

*

Darasani jioni ile, barua ilikuwa bado kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu Isidori aliibandika wiki mbili zilizopita, baada ya kuisoma kwa sauti mbele ya watu ishirini na sita. "Hii ndiyo barua," alisema siku ile, na darasa likampigia Severa makofi. Sasa wasichana wawili wa kundi jipya walikuwa wamesimama mbele yake na madaftari, wakinakili.

"Dada, wewe ndiye Severa?" mmoja alimuuliza. "Hongera. Umefunga vizuri."

Severa alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye ndewe za masikio. Habari za mwanamume mzee na mvua yake, na kikohozi chake, na duka la baba yake, zilikuwa zimetundikwa pale kwa pini nne, na yeye ndiye aliyezileta, akapigiwa makofi. Akazing'oa pini moja moja.

"Vipi, mbona unatunyima kielelezo chetu?" Mwalimu Isidori alisema kwa utani akiingia.

"Ni barua ya watu, mwalimu."

"Ya kazini, si ndiyo?"

"Ni ya mtu na dada yake." Akaikunja. "Mwalimu, kama mtu anamwandikia dada yake waliyekosana naye, anafunga vipi?"

Mwalimu alitoa kitambaa chake, akaanza kufuta ubao uliokuwa safi tayari. Alikuwa mtu mwema, na swali lilimkuta hana pa kulishika.

"Hiyo siyo ya ofisini," alisema mwishowe. "Hiyo hatufundishi."

Severa hakungoja kipindi kianze. Uani kwao, Scholastika, jirani aliyemwangalizia mtoto, alikuwa akichambua mchicha.

"Umewahi leo, Mama Stella. Wamekufukuza shule?"

"Kichwa tu, shoga."

"Kichwa cha vitabu hicho. Mchukue mwanao, kaninyonya nguvu zote."

Severa akamwinua Stella aingie naye ndani. Mtoto akajipinda kama samaki, akapiga kelele, akateremka. Hakuwa tayari. Alikuwa na mwaka na miezi minane, na mwezi ule alikuwa amejifunza kuaga. Akamwendea Scholastika, akampungia. "Babai, Koka." Akamwendea Beno, mume wa Scholastika, aliyekuwa kwenye kigoda akitengeneza redio. "Babai, Beno." Akawaaga kuku wawili, mmoja baada ya mwingine. Akaaga ndoo. Akaaga mlango wa mpangaji ambaye hayupo, akauaga mara mbili kwa kuwa haukujibu.

"Tutakesha hapa leo," Beno alicheka. "Huyu akiwa mkubwa tutachelewa mabasi."

Scholastika naye alicheka. Severa alisimama kizingitini na mkoba begani, ndani yake ile karatasi iliyokunjwa, akashindwa kucheka. Machozi yalimjaa, akajifanya anainama kufungua kiatu.

*

Asubuhi alifika dukani kabla ya mzee, akafungua mlango, akafagia, akakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Alikwishafikiria yote njiani. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Anwani itafutwa, Maskati haitaandika tena, na mzee, ambaye hawezi kusoma hata jina lake mwenyewe kwenye kioo kile, atakwenda kaburini akiamini kwamba alinyoosha mkono ukaachwa hewani. Akisema, atakuwa karani aliyeaibika, na pengine atakuwa si karani tena, na Stella yupo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshaitoa?"

"Sijaitoa." Alisimama. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishikanisha mbele kama mtoto wa shule. "Mzee, barua ile sikuituma kama ulivyoisema. Nilikata salamu. Nikaweka maneno niliyofundishwa darasani. Dada yako hakukukataa, mzee. Amekujibu kwa maneno yangu, akidhani ni yako."

Mzee Suud alibaki na fimbo mkononi.

"Salamu zipi ulizokata?"

"Zote."

"Na ile ya mwisho?"

"Na ile ya mwisho."

"Ulinisikia nilipoitaja?"

"Nilikusikia. Niliiandika, halafu nikaifuta."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza kusema kompyuta, angeweza kusema mtoto alikuwa mgonjwa. "Niliona zimeirefusha barua. Ningeionyesha darasani, nikaona haya."

"Ukaona haya," mzee alirudia. Akakaa. Nje muuza maji akapita akigonga chupa zake mpaka akapotea mtaani. "Mama Stella, ukiwa unamfungia mteja mzigo, ukaona kitambaa kinazidi karatasi, huwa unakata kitambaa?"

"Hapana, mzee."

"Hapana."

Hakupaza sauti. Severa angeshukuru kama angepaza. Angepata kitu cha kulilia kilicho nje yake.

"Nitajie tena, mzee," alisema. "Majina yote, niandike upya, niitume sasa hivi."

"Yale kumi na sita nakupa. Lile sina." Akafumba macho. "Lilinichukua miaka ishirini na miwili kulileta mdomoni. Nikalitoa, ukalifuta. Unadhani yapo mengine kama lile stoo? Andika wewe. Aliyefuta ndiye aandike. Mimi mkono wangu haumo."

Basi akaandika. Aliandika kati ya mteja na mteja, tangu saa tatu mpaka adhuhuri. *Shikamoo Bi Zeina. Mimi naitwa Severa, ni karani wa kaka yako.* Akaeleza alichofanya bila kukizungushia maneno, maana kila neno alilozungushia alilifuta. Akaweka majina kumi na sita kwa mpangilio wake, na mzee akamsahihisha mara mbili kutoka kitini, bila kugeuza uso. Kisha akaandika: *La kumi na saba lilikuwa la mumeo, Awadhi. Alilitaja kwa kinywa chake, nami nililisikia.*

Ikabaki kufunga.

*Wako mtiifu*, aliandika, akajiona kama aliyevaa nguo ya kuazima msibani. Akafuta. *Wasalaam* lilikuwa neno la nyumba ile, si lake kulishika kwa mikono michafu. *Mwanao* lingekuwa zuri, lakini lilidai mapenzi kabla ya kuomba radhi. *Nisamehe* lilimtaka yule mama atoe kitu, naye tayari amenyang'anywa. Alifungua daftari lake la wino wa bluu, akapitisha kidole kwenye mistari iliyopigwa rula, akalifunga. Barua ilikuwa imekwisha, na haikutaka kwisha. Mteja wa zipu akaja, akahudumiwa, akaondoka. Severa akarudi, akaandika haraka asije akaghairi:

*Ni mimi niliyefuta,*
*Severa.*

Akaisoma kwa sauti, ili mzee asikie. Akatuma.

*

Siku mbili hapakuja jibu. Mzee Suud hakuuliza, na Severa hakudiriki kufungua sanduku la barua mbele yake. Alilifungua mzee akienda kusali, akalifunga akisikia fimbo. Alipomwambia mteja "karibu", sauti yake mwenyewe ilimtia haya. Hakufukuzwa. Alipewa kazi kama kawaida, aliachiwa chenji ya chai kama kawaida, na kawaida ile ilimlemea kuliko adhabu.

Siku ya tatu, saa kumi, duka lilikuwa na mteja mmoja, fundi wa nguo za harusi kutoka barabara ya pili, mama mnene wa maneno mengi. Mzee Suud alikuwa akimpimia lesi kwa mkono, kutoka ncha ya vidole mpaka begani, kama alivyopima tangu ujana. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho. Severa akaona jina la Zeina kwenye kioo.

Barua ilikuwa ya mstari mmoja. Haikuwa na mwanzo wala mwisho.

*Binti, alilitajaje? Nieleze.*

Severa aliweka vidole kwenye vibonye. Alitaka kumpa yule mama kila kitu: uso, sauti, mahali mkono ulipokuwa. Akarudi nyuma kwenye siku ile kwa nguvu zake zote. Akasikia feni. Akasikia mzee akisema jirani wa mkate wa ufuta, kisha kimya, kimya kirefu kweli, na katika kimya kile simu yake ikatetemeka: Scholastika alikuwa amemtumia picha ya Stella na jino jipya. Aliitazama ile picha. Alitabasamu nayo. Na jina lilipotoka alikuwa bado anatabasamu, ameinamisha kichwa chini ya kaunta, akiliandika kwa mkono mmoja.

Hakumwona. Mtu mmoja tu duniani alikuwepo pale, na mtu huyo hakuwa anatazama.

"Mama Stella," mzee alisema bila kuacha kupima. "Mbona mashine haigongi? Kuna nini humo?"

"Ni Bi Zeina, mzee."

Lesi ilisimama.

"Anasemaje?"

Severa akamsomea. Fundi akatazama huku na huku, akanusa kwamba kuna jambo, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mjibu," alisema mzee. "Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba sikuwa nakutazama, mzee." Alilisema mbele ya mgeni, na uso ukamwaka. "Nilikuwa natazama simu. Sina cha kumweleza."

Mzee Suud alipitisha lesi kidoleni, shimo kwa shimo, kama anayesoma. Aliivuta mpaka nafasi yake ya begani. Aliteremsha mkono. Akaupandisha tena. Koo lake lilikwenda juu likarudi, na Severa, aliyekuwa ameinua kichwa, aliona ngozi iliyolegea ya shingo ile ikitetemeka chini ya ndevu nyeupe, akaona macho yasiyoona yakimtafuta mtu mahali palipokuwa na mlango wa stoo.

"Awadhi," alisema.

Alilisema kama mtu anavyomwita aliye chumba cha pili, akitaka aje asaidie kushusha mzigo.

Fundi aligeuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. "Nani huyo Awadhi, mzee?"

"Shemeji yangu," alisema Mzee Suud, na kwa kuwa hesabu ilikuwa imempotea, akaanza kupima ile lesi upya.